Siku Tatu za Chumvi ya Moto

Likoni, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Mwanakombo,

Barua hii umeikuta ukitafuta kitu kingine, najua. Mimi ndiye niliyekulea, najua mkono wako huenda wapi unapoumwa. Umefungua sanduku, umepenyeza mkono chini ya nguo, pembe ya kushoto, pale ulipokiweka mwenyewe kitambaa changu cha kukandia na kifurushi cha chumvi ya mawe. Umekuta karatasi. Basi keti kitandani usome. Na kama mdomo umevimba saa hii, usiende kuomba chumvi kwa wenzako. Soma kwanza mpaka mwisho, mama, halafu utaamua mwenyewe utanitazama vipi.

Ninapoandika, wewe umekwenda Kisauni kumuaga shangazi yako. Kesho treni inakuchukua kwenda bara, chuoni, na sitapata tena nafasi kama hii ya nyumba kuwa tupu. Nimeweka mbaazi motoni. Kila nikimaliza mistari miwili mitatu nainuka kuzikoroga, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi ujue ni la tui.

Mwandiko wangu waujua. Nilijifunza gumbaru, mtu mzima mimi, na wenzangu wengine walikuwa na wajukuu. Mwalimu akipita nyuma yangu akisema, "Mama Bakari, hizi herufi zako mbona zimelala? Zaumwa?" Darasa zima likacheka. Leo zitalala zaidi. Lakini sikutaka kumwita mtu aniandikie. Maneno haya hayajapita kinywani mwangu miaka kumi na mitano, na sitaki yapite kwenye sikio la mtu mwingine kabla ya lako.

Habari za baridi ya bara, za kuswali kwa wakati, za vijana wenye maneno matamu, hizo umezisikia mpaka umenikimbia jikoni. Sitazirudia. Nakuandikia habari ya jino lako. Na habari ya kaka yako Bakari, ambaye wewe humkumbuki ila kwa kusimuliwa.

Wewe wajua kama mtaa mzima unavyojua: Bakari aliumwa jino, akapelekwa hospitali, wakampasua shingo, akafa. Kisu ndicho kilichomuua. Umekua na maneno hayo kama ulivyokua na uji. Ulipokuwa mdogo ukimuona mtu amevaa koti jeupe ulijificha ndani ya buibui langu, watu wakacheka, nami nikakufunika. Maneno hayo yalitoka kwangu, mwanangu. Na si ya kweli.

Nimeinuka nikazikoroga mbaazi. Nimerudi.

Lazima nikuambie kwanza nilivyokuwa wakati ule, si kwa kujitetea. Nilikuwa mkandaji ninayetafutwa. Mzazi yeyote akijifungua, kuanzia hapa feri mpaka Mtongwe, jamaa zake walikuja kunichukua nikamkande arobaini zake, kwa maji ya moto na majani, asubuhi na jioni. Nyanya yangu alinifundisha nikiwa na miaka kumi na mitatu. Na kama ziwa la mzazi limevimba, limekuwa gumu kama jiwe, mtoto hawezi kunyonya, homa imempanda, hapo ndipo jina langu lilipotajwa. Nilikaanga chumvi ya mawe kwenye chungu mpaka ipasuke, nikaitia kwenye kitambaa cha leso kuukuu, nikafunga fundo, nikakanda. Siku ya kwanza ziwa gumu. Siku ya pili gumu zaidi, mama analia. Siku ya tatu linalainika, linatoboka, usaha unatoka, mama analala usingizi ambao hajalala wiki nzima. Watu waniombea dua. Kwa hiyo nilijua kuhusu uvimbe kitu kimoja, na nilikijua vizuri sana: ugumu maana yake unaiva. Ukiona gumu, usiache. Kaza.

Bakari alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa mrefu kama babako, akipita mlangoni huinamisha kichwa hata pasipo haja. Alikuwa na jino la nyuma, la chini, limetoboka. Lilikuwa likimuuma likiacha, likimuuma likiacha. Akitafuna karafuu, akisukutua maji ya chumvi, akiendelea na mambo yake. Mara moja kilimtoka kipele kwenye ufizi, kikatumbuka, maumivu yakaisha siku hiyo hiyo. Nikamwambia, "Umeona? Uchafu umetoka." Akanijibu, "Kweli, mama, wewe ungesoma ungekuwa daktari." Nikafurahi. Nakumbuka nilivyofurahi.

Alhamisi moja aliamka taya limevimba. Babako, Mungu amrehemu, alikuwa amekwisha vaa kwenda kazini bandarini. Alimtazama, akavua kofia yake.

"Mama Bakari, mimi naona tumvushe feri leo. Tumpeleke hospitali kubwa."

Nikamwambia, "Umpeleke akang'olewe taya? Huu ni uvimbe, Hamisi. Uvimbe ni kazi ya nani nyumba hii?"

"Jino si ziwa," akasema.

"Na wewe umekanda maziwa mangapi?"

Nilimchekesha, hata Bakari alicheka na mdomo wake ule uliopinda. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemtibu mzazi mmoja wa mtaa wa Shika Adabu, na mumewe alikuwa amepita nyumbani kunishukuru mbele ya majirani. Nilikuwa na kichwa kikubwa. Babako alirudisha kofia kichwani akasema, "Haya. Wewe ndiye mwenye mikono." Akaenda kazini.

Nikakaanga chumvi.

Siku ile ya kwanza alistahimili. Aliniambia, "Mama, mkono wako mtamu," na akasinzia kichwa kikiwa mapajani kwangu. Ijumaa uvimbe ulishuka chini ya kidevu, ukapita upande wa pili. Nikaona umetafuta njia. Nikafuata na kitambaa. Ngozi ya shavu ilianza kuwa nyekundu, ikabanduka mahali pawili kwa ule moto, nikaipaka samli nikaendelea. Babako alirudi jioni akasimama mlangoni. Jumamosi shingo ilikuwa ngumu kama ubao wa mbuzi ya kukunia nazi. Nikaigonga kwa kidole nikamwambia Bakari, "Inaiva. Kesho itafunguka, inshallah." Alitaka kunijibu, ulimi ukawa umeinuka umejaa kinywani. Mate yalikuwa yakimtoka hawezi kuyameza. Sauti ilikuwa ya mtu aliyejaziwa chakula cha moto mdomoni. Hakuweza kulala chali, kila akilala alikurupuka. Aliketi wima amejishika magoti, nami nyuma yake nikikanda.

Alinishika kifundo cha mkono, Mwanakombo. Alinishika mkono wenye kitambaa akausogeza mbali na shingo yake. Nikaurudisha.

Hilo sijapata kumwambia mtu, hata babako.

Jumapili alfajiri babako hakuuliza. Alimwinua Bakari, akampakata kama ulivyokuwa ukipakatwa wewe, miguu ile mirefu ikining'inia, akateremka naye mpaka feri. Nilikimbia nyuma yao na kitambaa mkononi. Kwenye feri watu walitupisha. Bakari alisimama akishika chuma, kwa sababu akiketi pumzi haikupita, na kila pumzi ilikuwa na mlio. Tulipofika upande wa pili alikuwa amebadilika rangi ya midomo.

Hospitali walituingiza mbele ya wote. Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye miwani, mpole. Alimshika Bakari chini ya kidevu, akageuka kwangu akauliza, "Mama, uvimbe huu ulianza lini?"

Nikasema, "Jana."

Babako alinitazama. Alinitazama tu, mara moja, akainamisha uso. Daktari naye akanitazama.

"Haiwezekani, mama. Na hizi alama za moto?"

Hakuwa na wakati wa kuningojea. Walimpeleka ndani wakampasua chini ya taya, huku na huku, na wakatoboa koo apate kupumua. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafariki.

Baadaye daktari alitoka, akaketi nasi kwenye benchi. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alisema, "Usaha wa jino umeingia shingoni, ukaziba njia ya hewa. Si kisu kilichomuua, mama, nataka mjue hivyo. Ni hizo siku. Angeletwa siku ya kwanza tungeng'oa jino, tungemtoa usaha, jioni angekuwa nyumbani anakunywa uji." Alisema uji. Mpaka leo nikikoroga uji nalisikia neno lile.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Kwenye matanga nyumba ilijaa wanawake, na kila aliyeingia aliuliza, "Mama Bakari, mtoto amepatwa na nini jamani, juzi si alipita hapa?" Nikasema, "Wamempasua shingo." Basi. Maneno mawili. Hayakuwa uongo, walimpasua shingo kweli. Lakini mwanamke mmoja akapiga kelele, "Kisu!" na mwingine akalipokea, na kufikia magharibi lilikuwa limeshavuka mtaa. Ningeweza kulirudisha. Nilikuwa nimekaa pale katikati, nimefunikwa leso kichwani, walikuwa wakinisikiliza kila ninapokohoa. Nikanyamaza. Nikajiambia nitawaambia arobaini ikipita. Arobaini ikapita nikaitwa Mtongwe kumkanda mzazi, nikaenda.

Na babako alinyamaza pamoja nami. Watu walimwambia usoni, "Hamisi, ungemuacha mtoto mikononi mwa mamake leo angekuwa hai, wewe ndiye uliyempeleka kwenye kisu." Mimi nilikuwa ndani nawasikia. Aliwajibu, "Ndiyo, ni kazi ya Mungu." Alibeba lawama yangu miaka kumi na miwili mpaka akazikwa nayo, na hakuniambia hata siku moja, hata tulipogombana kwa mengine. Mara nyingine nilitamani aniambie.

Wamkumbuka Bi Mwanasha wa nyumba ya pili, aliyekuwa akikupa visheti? Alikuwa na uvimbe tumboni. Hospitali walimwambia wautoe ungali mdogo. Akakataa, akasema, "Mwataka niwe kama Bakari?" Alisema hivyo kwenye jamvi langu, nami nikimkanda lile tumbo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mikono yangu ilikuwa juu ya uvimbe wenyewe. Alizikwa mwezi wa Rajabu.

Nimekwenda kuzikoroga mbaazi, zimeanza kushika chini. Nimepunguza moto.

Sasa jino lako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, mwapigania zamu kwenye bomba la mkono pale msikitini, mwenzio akauachia mpini ukakupiga mdomoni. Uliingia nyumbani damu kifuani. Mimi nilikimbilia jikoni kutafuta chungu. Niliporudi hamkuwapo. Babako alikuwa amekubeba akateremka nawe feri, hata viatu hakuvaa. Siku hiyo nilijua kwamba hajasahau kitu. Walikutazama, wakasema jino halikuvunjika, lichungwe, laweza kubadilika rangi baadaye. Na likabadilika, kidogo kidogo, likawa kama maziwa yaliyotiwa moshi. Ukajifunza kucheka huku umefunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Watu wakasema una haya. Mimi nilijua si haya.

Alipokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho babako aliniambia jambo moja. Alisema, "Lile jino la Mwanakombo usilikande." Nikamwambia, "Sitalikanda." Nilimzika, na mwaka uliofuata ulipovimba mdomo wa juu nililikanda.

Kipele kilitokea kwenye ufizi, juu ya lile jino, kikatumbuka, ukalala. Ukaniambia mkono wangu dawa. Baada ya miezi kikarudi. Kikatumbuka. Kikarudi. Wewe mwenyewe, kwa akili zako za shule, ukajipeleka kwa daktari wa meno kisiwani, hospitali ile ile kubwa, yule msichana wa bara. Akakutoboa jino kwa nyuma, akalisafisha ndani, akaliziba. Kikarudi. Akalifungua tena, akalisafisha tena, akaliziba. Tulidhani yameisha. Kikarudi.

Mara ya tatu ulinichukua twende sote, kwa sababu alitaka kusema na mzazi wako. Wakumbuka nilivyomuuliza maswali mpaka ukanifinya. Lakini hukuyasikia yote. Ulipotoka kwenda kupigwa picha ya jino, tulibaki wawili.

Nikamwambia, "Mwanangu, si kwa ubaya, lakini umemziba mara mbili na hakupona. Mara ya tatu wataka kumfanya nini?"

Hakukasirika. Akasema, "Mama, nitakueleza. Jino ni kama mti, mzizi wake uko juu huku, karibu na pua. Uchafu uko nchani mwa mzizi. Mimi nilikuwa nikiingia kwa hapa chini, nikapanda, nikasafisha mpaka ninapofika. Kuna mahali sifiki. Pale ndipo pamebaki, na mfupa unaozunguka pale unaliwa."

"Lakini kipele kikitumbuka maumivu yanakwisha. Uchafu si umetoka?"

"Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Ule ni mlango tu, mama. Usaha umepata mlango wa kutokea, kwa hivyo hauumi. Kiwanda kiko ndani kinaendelea."

Nikaona kipele cha Bakari na nilivyofurahi.

Akachora nyuma ya karatasi. Akasema watachoma sindano ya ganzi, watafunua ufizi kidogo kama anayefunua pazia, watatoboa kidirisha kwenye mfupa, watakata ile ncha ya mzizi iliyooza, ndogo tu, kama punje ya mchele. Watakwangua kile kifuko cha usaha, wataziba mzizi kwa juu, warudishe ufizi, washone.

"Mtampasua akiwa macho?"

"Atakuwa macho. Akitaka atatuimbia."

"Ataimba na mdomo mmeushika nyinyi?"

Tukacheka, wallahi, nilicheka na yule msichana. Nikamuuliza kama atapona. Akasema, "Mara nyingi hupona. Siwezi kukuapia. Ikishindikana tutaling'oa, lakini kuliacha hivi hivi si salama." Nikamuuliza kwa nini wasiling'oe tu. Akasema wewe ndiye uliyeomba wajaribu kwanza kulinusuru, kwa sababu unakwenda kuwa mwalimu, utasimama mbele ya watoto siku zote. Hukuwa umeniambia hilo mimi.

Akasema nirudi Jumanne kuchukua tarehe, kwa sababu wewe ulikuwa na mitihani. Ukanituma. Ukaniambia, "Mama, usisahau, ni muhimu." Nikaitikia.

Nilirudi nikakuambia daktari wa kupasua amehamishwa, hakuna tarehe, wataleta habari. Ukasikitika, ukasema labda mwakani. Mwanakombo, tarehe nilipewa. Nilipewa karatasi yenye siku na saa, nikawekewa na picha yako ya jino ndani ya bahasha. Yule msichana aliniambia, "Msikose, mama, nafasi ni chache." Nilitoka pale nikapita kwenye lile benchi. Ni lile lile. Nikaketi. Macho yangu yakaona koti jeupe likija na miwani, ingawa hapakuwa na mtu. Nikajiambia, siwezi kukaa hapa mara ya pili kungojea. Nikajiambia maneno yale yale niliyowapa watu kwenye matanga, kisu, kisu, mpaka nikayaamini mimi niliyeyatunga. Nikaifikisha bahasha nyumbani, nikaificha kwenye kapu langu la vitambaa vya kukandia, ambalo hakuna mtu agusaye. Siku yenyewe ilipofika nilikaa nawe barazani tukichambua mchicha, nikiangalia jua mpaka saa ikapita.

Hicho ndicho nilichokufanyia. Si jambo la miaka kumi na mitano iliyopita. Ni la mwaka huu.

Na ningenyamaza tena, naijua nafsi yangu, kama si Jumapili iliyopita. Ulivimba mdomo wa juu mpaka pua. Nilikaanga chumvi, ikanimwagikia. Ukaniambia, "Lete, mama, najua." Ukachukua kitambaa, ukafunga fundo, fundo lile lile la nyanya yangu, ukaanza kujikanda mbele ya kioo. Ulikuwa ukikanda vizuri. Ulikuwa ukibonyeza, ukizungusha, ukigonga kwa kidole, ukasema peke yako, "Gumu hili, linaiva."

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya banda la kuku. Ulidhani ni samaki.

Siku ya tatu kikatumbuka kama kawaida, ukaamka unacheka, ukafunga sanduku. Ukaniomba kitambaa na chumvi uende navyo. Nikakupa kwa mikono yangu, nikakutazama ukiviweka pembe ya kushoto. Huko unakokwenda hakuna babako wa kukubeba bila kuuliza. Ningekuwa nimekupa siku tatu uende nazo.

Ungeniuliza, kwa nini hukuniambia kwa mdomo, mama, jioni hii tukila? Kwa sababu ungenihurumia. Nakujua. Ungenishika mkono ukasema, basi mama, yamepita. Nami ningekubali, tungekula mbaazi. Sitaki unihurumie kabla hujafikiri. Ukasirike kwanza. Kaa na hasira yako huko. Usipoandika mwezi, miezi miwili, nitaelewa, nitawaambia watu barua zinachelewa. Hapana. Nitawaambia hujaandika, na nitawaambia sababu.

Maana hilo nalo nimeshaamua. Treni ikiondoka nitakwenda kwa watoto wa Bi Mwanasha. Halafu kwa wengine. Sijui watanifanya nini. Huenda nisiitwe tena kumkanda mtu. Mtaa mzima waniita Mama Bakari, na kila wanaponiita naitika, abee, kama mtu mwenye haki ya jina hilo. Nataka walijue jina wanaloliita.

Mbaazi zimeiva. Nasikia wenye mahamri wameanza kupita, kwa hiyo wewe uko karibu feri ama umeshavuka. Namalizia.

Kile kitambaa na ile chumvi nimevitoa sandukuni. Chumvi nimeimwaga shimoni. Kitambaa nitakichoma kesho, leo ungeuona moshi wake ukauliza. Mahali pake nimeweka barua hii, na chini yake bahasha. Ndani mna karatasi ya yule msichana, tarehe imepita lakini maneno yake yote yamo, na mchoro wake uko nyuma. Mna na picha. Ishike mbele ya dirisha penye mwanga. Utaona jino lako jeupe, na pale juu, nchani mwa mzizi, doa jeusi, duara, kama tundu la mchwa. Nimelitazama doa hilo mara nyingi kuliko nilivyokutazama usoni mwaka huu.

Mji huo una hospitali kubwa, nimeuliza. Usingojee livimbe. Nenda likiwa limetulia, linapokufanya uamini halina kitu. Wapelekee picha. Utaogopa, na hofu hiyo si yako, niliipanda mimi, ichukue uende nayo hivyo hivyo mpaka kwenye kiti. Sitakuwapo kwenye benchi. Nimefikiri sana, naona ni afadhali nisiwepo.

Daktari atakushika mdomo, atakuuliza ulianza lini.

Usimwambie jana.

Mamako,
mama wa Bakari na wa Mwanakombo